Sauti za orkestra ndani ya MuseScore: vayolini inalia kama mbu, horni hazisikiki, na Krismasi inakuja

mwl_tororo

Habari zenu wakubwa na wadogo. Naomba msaada kabla sijairusha hii laptopu dirishani.

Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Tororo, kwaya ya watu 38 siku za mazoezi na 60 siku kukiwa na pilau. Mwaka huu nikajitia kiherehere nikaandika kazi ya Krismasi ya dakika 11, sauti nne za kawaida, soprano, alto, tenori na besi, halafu nyuma yake orkestra kamili, vayolini za kwanza na za pili, viola, selo, kontrabasi, filimbi mbili, horni mbili, trampeti mbili, tromboni na timpani. Msinicheke. Vayolini mimi huku najua moja tu na mwenyewe ameitundika ukutani kama picha ya marehemu. Wapigaji nilionao ni kijana mmoja wa trampeti, mmoja wa tromboni, na dada wa kinanda. Hao wengine wote nataka watoke kwenye kompyuta wapite kwenye spika za kanisa huku kwaya ikiimba laivu.

Naandikia MuseScore 4, programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta, nikaweka na zile sauti za Muse Sounds kwa sababu ni bure na jamaa mmoja alinihakikishia zinalia kama watu. Kweli zinalia kama watu, ila watu wagonjwa. Baa ya 47 pale wote wanapoingia kwa pamoja sauti inakatakata, inachachatika kama mafuta ya mandazi, mara inasimama kabisa, nasubiri, inaendelea kutoka mahali pengine. Vayolini ya kwanza nayo inalia peke yake nyembamba kama mbu chumbani, si ule ukuta wa nyuzi ninaousikia kwenye sinema. Horni hazisikiki kabisa mpaka nimezipandisha kwenye miksa zikafika juu kabisa. Na trampeti, yule kijana akipiga karatasi niliyomprintia inatoka nota nyingine tofauti na ya kompyuta, tukabishana karibu tukosane.

Laptopu ni Core i5 ya mkono wa pili, RAM 4, diski ya kawaida hii inayozunguka. Kuna mtu ameniambia nisipoteze muda ninunue NotePerformer, programu ya kulipia inayopiga nota ulizoandika kwa sauti za orkestra. Je itaingia kwenye MuseScore? Na je itatibu haya yote au nitakuwa nimeuza mbuzi bure?

studio_ya_juu (Kampala)

Mwalimu pole sana, lakini mbuzi wako mwache kwanza aendelee kula majani.

Tuanze na hiyo mandazi ya baa ya 47. Zile sauti si kompyuta inayoimba. Kila nota unayosikia kuna mtu alikaa studio na chombo chake akaipiga, akaipiga polepole, akaipiga wastani, akaipiga kwa nguvu, akaidonoa kwa kidole, akaitetemesha kwa upinde, na nyingine zikarekodiwa mara kadhaa ili nota ileile ikijirudia haraka isisikike kama bunduki tatatata. Sasa hivyo vipande vyote vinakaa kwenye diski yako, gigabaiti nyingi, na unapobonyeza kupiga laptopu inatakiwa ivichote, ivipandishe kwenye RAM, ichague kipande sahihi, ichanganye, iongeze mwangwi, na isichelewe hata nukta ya sekunde. RAM 4 ambayo Windows yenyewe imeshakula zaidi ya nusu, diski inayozunguka, vyombo kumi na kitu vinaingia pamoja, hapo hata mimi ningechachatika.

Kwa hiyo fanya hivi. Wakati unaandika usitumie Muse Sounds kabisa. Nenda kwenye menyu ya View, ufungue Playback Setup, chagua MuseScore Basic. Hiyo ni faili moja ndogo ya sauti zote, inalia kama keyboard ya harusi lakini ni nyepesi kama karatasi na nota utazisikia vizuri kama ziko sawa au hapana. Ukimaliza kuandika ndio unarudisha Muse Sounds usikie picha yenyewe. Halafu kitu ambacho wengi hawakijui, kule kukatakata ni kwa kusikiliza tu. Ukitoa faili ya sauti, ile ya WAV, kompyuta haikimbizwi na saa, inachukua muda wake, inapika kipande kwa kipande, ikichelewa haidhuru mtu. Mimi nimewahi kutoa wimbo kwenye laptopu ambayo haikuweza kuupiga hata baa kumi bila kukwama, na WAV ikatoka safi kama maji ya chupa. WAV ya kawaida ni kama megabaiti 10 kwa dakika, zako 11 ni kama 110, iweke kwenye flashi umemaliza.

Ukipata hela ya kutengeneza kitu, tengeneza laptopu, usinunue sauti. Ongeza RAM ifike 8 angalau, toa hiyo diski weka SSD, ile isiyozunguka, hata ya mkono wa pili. Kwanza SSD. Utadhani umenunua mashine mpya.

Mbu wa chumbani huyo namjua. Ulipoongeza chombo ulichagua Violin, si ndio? Hiyo ni vayolini moja, mtu mmoja amesimama mbele. Kuna nyingine chini yake imeandikwa Violins, na herufi s mwishoni, hiyo ndio kundi zima limekaa. Herufi moja tu. Viola na selo na kontrabasi vilevile kagua zote. Huna haja ya kuandika upya, badilisha tu chombo kwenye mipangilio ya stafu, ile mistari mitano ya chombo hicho, nota zinabaki.

Horni na trampeti nawaachia wenye midomo.

noti_na_chai (Gulu)

Nijibu la NotePerformer maana nimeitumia miaka mitatu kwenye Sibelius, programu nyingine ya kuandikia nota.

Haiingii kwenye MuseScore. Imetengenezwa kwa ajili ya Sibelius, Dorico na Finale, na Finale yenyewe wenyewe walitangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena baada ya miaka 35, kwa hiyo kiukweli zimebaki mbili. Ni kazi ya Wallander Instruments ya Sweden na mara ya mwisho nilipoangalia ilikuwa dola 129, ukizidisha kwa shilingi yetu unaongelea kati ya laki nne na nusu na laki tano, na bado hujanunua programu yenyewe ya kuiwekea. Kwa mwalimu wa kwaya wa Tororo hiyo si sauti hiyo ni ada ya mtoto.

Ila nisiisingizie, ni kitu kizuri na sababu inafaa kujulikana. Kwanza ni ndogo, laptopu dhaifu inaibeba. Pili inasoma mbele. Ukibonyeza kupiga inakaa kama sekunde moja kimya, mtu asiyejua anafikiri imekwama, kumbe inaangalia nota zinazokuja ndio iamue hii iishie wapi, hii ivute pumzi, huu msemo unapanda au unashuka, kama mtu anayesoma sentensi nzima kwa macho kabla hajafungua mdomo. Ndio maana sauti yake ukisikiliza chombo kimoja kimoja si nzuri kihivyo, vayolini yake ni ya plastiki kidogo, lakini orkestra nzima ikiingia inapumua. Muse Sounds ni kinyume chake, chombo kimojakimoja kitamu, ujazo wake mkubwa.

Usije ukashawishiwa pia na hizi sauti za bure za VST, zile za nje zinazochomekwa kwenye programu, ukafikiri zitakurahisishia. Kuna BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio, orkestra halisi ya London imerekodiwa kwenye studio za Maida Vale, faili yake ni megabaiti kama 200 tu, inaingia MuseScore 4 maana inakubali VST3. Nzuri sana. Lakini Muse Sounds ukiandika pizz. juu ya stafu yenyewe inaelewa iache upinde idonoe. VST haisomi karatasi yako. Mimi niliandika pizz. kwa herufi kubwa, selo ikaendelea na upinde wake bila aibu. Ikabidi nifungue stafu ya pili ya selo niipe sauti ya kudonoa, stafu ya kwanza inyamaze pale, kisha nizifiche moja wakati wa kuprinti. Ukiwa na vyombo vitano vya nyuzi vinavyobadilika kila baa nane utalia.

Kaa na ulichonacho mwalimu.

afande_baragumu (Bombo)

Salaam aleikum wote.

Mimi ni mstaafu, nimepuliza bendi ya jeshi miaka 27, nimeanzia bugle nikamalizia kuandikia wengine. Kompyuta nimeijua uzeeni kupitia mpwa wangu kwa hiyo msiniulize mambo ya RAM. Nitaongea ya midomo.

Mwalimu, ugomvi wako na kijana wa trampeti, kijana ana haki na kompyuta ina haki, mwenye kosa ni karatasi. Trampeti ya kwake bila shaka ni ya B flati. Akiona C akapiga C inatoka B flati, hatua nzima chini. Horni ya F ndio mbaya zaidi, inatoka nota tano chini ya ilivyoandikwa. Chini kulia kwenye MuseScore kuna kitufe kimeandikwa Concert Pitch. Kikiwa kimewashwa unaona nota kama zinavyosikika, inakusaidia wewe kuandika, lakini ukiprinti hivyo umempa kijana karatasi ya piano. Kizime, uangalie stafu ya trampeti inaruka inapanda hatua moja na alama zake za mwanzoni zinabadilika, hapo ndio uprinti. Mwombe radhi.

Sasa horni. Bila shaka umeandika horni mf, nguvu ya wastani, na nyuzi ff, nguvu sana, hukuzisikia, ukazipandisha kwenye miksa. Mwanangu hapo umejidanganya mwenyewe. Siku ukipata wapigaji wa kweli, miksa ya kompyuta haiwasaidii. Mtu wa horni akiona mf atapiga mf, hata uipandishe ile fimbo ifike mbinguni. Ukitaka isikike iandike f (forte, kwa nguvu), au watoe filimbi njiani, au zipandishe horni zote mbili zipige nota moja badala ya kuzigawa. Yule Mrusi Rimsky-Korsakov alishapima haya mambo zamani kabla ya umeme kufika kwetu, akasema kwenye forte trampeti moja ina nguvu ya horni mbili. Kwa hiyo hizo horni zako mbili ukizigawa nota mbili tofauti chini ya trampeti mbili, nusu yake ndio hiyo. Weka miksa yote sawa, usiiguse, kisha tengeneza kwenye karatasi mpaka ikae. Nyuma ya hapo ukitaka kupamba faili ya kanisani pamba.

Na kompyuta haina mapafu. Hili nimelilipia. Niliwahi kupanga wimbo mmoja wa gwaride nyumbani kwenye mashine ya mpwa, nikampa koneti ya kwanza baa 24 juu kwa juu bila kupumzika hata robo, kompyuta ikaipiga tamu ajabu, nikaita na mke wangu aje asikilize. Siku ya mazoezi yule kijana akaanza vizuri, baa ya kumi uso umekuwa mwekundu wa udongo, baa ya 17 mdomo ukakataa, hewa inatoka sauti haitoki. Akashusha chombo akaniangalia tu. Hakusema neno. Mimi ni mkubwa wake kwa cheo lakini siku ile nilitamani niwe kuruta.

Na tromboni angalia B flati na B ya kawaida pale mstari wa pili wa stafu ya besi. Kwenye kompyuta zimepakana kama vidole. Kwenye tromboni ya kawaida ile ya kwanza bomba limerudi lote ndani, ile ya pili bomba limenyooka mpaka mwisho wa mkono. Ukiandika zikimbizane unamtaka mtu apige pampu ya baiskeli.

mwl_tororo

Banange. Afande nimesoma mara mbili, tromboni nimefungua faili nikakuta baa ya 62 nimeandika hayohayo, B flati, B, B flati, B, nota za haraka haraka. Yule kijana alikuwa ananiambia "mwalimu hapa pagumu" mimi namjibu afanye mazoezi. Nitamnunulia soda.

Nimejaribu ya fundi wa Kampala. Nimebadilisha zote kuwa na s. MUNGU WANGU. Mke wangu katoka jikoni na mwiko. Halafu nikatoa WAV kwa Muse Sounds, laptopu ikachukua dakika nyingi tu feni inalia kama pikipiki, lakini ikatoka, baa ya 47 safi kabisa hakuna mandazi.

Horni nimeshusha miksa nikaandika f nikaziunganisha nota moja, sasa zinasikika bila kuzipandisha. Ila nimegundua nilikuwa nimeziandikia vitu vingi ambavyo havisikiki hata kidogo, nimevifuta vyote na hakuna aliyelia.

Jana tumefanya mazoezi na spika. Hapo ndio nimepata tatizo jipya. Kwaya imezoea mimi nikinyoosha mkono wanasubiri, nikiuvuta wanakuja. Kompyuta haiangalii mkono. Wale besi wangu wanapenda kukaa kwenye nota ya mwisho kama wamekaa kwenye kochi, wakati wao bado wanasema "amaaaani" vayolini zimeshafika Bethlehemu. Kuna sehemu tulipishana baa nzima. Mnafanyaje?

noti_na_chai (Gulu)

Nimecheka mpaka chai imemwagika.

Kuna njia mbili na mimi natumia zote. Ya kwanza, kata faili. Usiwape dakika 11 mfululizo. Tafuta mahali kwaya inapokaa peke yake au penye kimya, katakata zikawa faili tano au sita, dada wa kinanda akae na laptopu, ukimpa kichwa anabonyeza inayofuata. Hivyo hata mkipotea mnapotea kipande kimoja. Zile sehemu za besi kukaa kwenye kochi weka alama ya fermata, ile ya kushikilia nota, na ukiigusa kwenye paneli ya pembeni unaweza kuiambia ivute muda mara ngapi, jipime mwenyewe unavyowasubirisha halafu uipe hiyo.

Ya pili ni mapigo sikioni. Ongeza stafu moja ya chombo kikavu, kama kile kibao cha kugonga, andika pigo kwa pigo, baa mbili za kuhesabia kabla ya kila kipande. Kwenye miksa hiyo stafu isukume kushoto kabisa, na vyombo vingine vyote kulia kabisa. Zima mwangwi wa hiyo stafu na uhakikishe hakuna kinachovuja. Kisha unahitaji waya wa kugawa, upande wa kushoto uende kwenye iyafoni yako, wa kulia uende kwenye miksa ya kanisa. Unaongoza kwaya kwa mkono huku sikio moja linakuhesabia. Utapoteza ule utamu wa sauti ya kushoto na kulia, lakini spika nyingi za makanisa yetu zinapiga kitu kimoja pande zote, hakuna atakayejua.

Jaribuni kwanza siku ya katikati ya wiki. Sisi tuliunganisha waya kinyume, kushoto ikaenda kwa waumini na muziki ukaja sikioni kwangu. Watu wakasikiliza kibao tok tok tok tok wimbo wa kwanza wote kwa heshima kubwa, wakidhani ndio mtindo mpya.

studio_ya_juu (Kampala)

Hahaha tok tok. Dada unaua.

Naongeza moja. Kabla hujafika kanisani watumie waimbaji sauti zao kwa WhatsApp. Ile sauti ya kwaya ya Muse Sounds haisemi maneno, kwa mazoezi mimi naona piano ni bora maana inagonga nota wazi. Kwa kila kundi pandisha sauti yao, zingine zishushe zibaki kwa mbali, toa MP3. Kwa kiwango cha 128 ni kama megabaiti moja kwa dakika, hata mwenye bando la siku anaipata. Mama wa alto anaosha vyombo anajifunza. Hapa miksa ipandishe utakavyo, Afande hatakasirika.

afande_baragumu (Bombo)

Sikasiriki. Kwa mazoezi ruksa.

mpiga_embaire (Iganga)

Samahani kuingilia, nimefuata mada ya orkestra lakini swali langu ni la kwetu. Mwalimu wa Tororo, dakika 11 za Krismasi Uganda na hakuna hata engalabi, ile ngoma yetu ndefu?

Mimi nahangaika kuandika muziki wa embaire na amadinda, zile marimba zetu za mbao, humo humo MuseScore. Chombo chenyewe hakimo. Nilianza na marimba, nota zinatoka lakini mzee anayenifundisha alisikiliza akasema "hiyo ni ya wazungu, haijakaa". Na kweli haijakaa. Amadinda ina nota tano kwenye oktava na zimeachana karibu sawasawa, wakati piano imegawa oktava vipande 12 vya senti 100 kila kimoja, senti ikiwa kipimo cha umbali kati ya nota. Ukigawa senti 1200 kwa tano unapata 240 kila hatua, na hakuna nota ya piano iliyo kwenye 240. Kwa hiyo naandika C, D, F, G, B flati, halafu nachagua D zote nazipandisha senti 40, F nazishusha 20, G nazipandisha 20, B flati nazishusha 40. Iko kwenye paneli ya pembeni sehemu ya Playback. Natumia ile sauti ya kawaida ya MS Basic. Zipo ambazo hazijagawanyika hivyo kihesabu, kila fundi anachonga na sikio lake, lakini mzee safari hii alitikisa kichwa kwa mbele, si kwa pembeni.

Sehemu za wapigaji ndio tamu. Mmoja anapiga, mwenzake anaingiza zake katikati ya zile za kwanza, wa tatu yuko pale mwisho na nota zake mbili tu za juu anaziokota. Ukiziandika stafu mbalimbali na kila mmoja ukamsikiliza peke yake ni kitu rahisi kama hatua za kutembea. Ukizifungulia zote wimbo unatokea ambao hakuna anayeupiga.

Ngoma nimezirekodi kwa simu nje ya nyumba alfajiri kabla ya bodaboda kuamka, engalabi mkono wazi, mkono uliofungwa, ukingoni, mara nne nne kila moja. Nikazipanga kwenye programu ya bure inaitwa Polyphone ikanitolea faili ya SF2, nikaiweka kwenye folda ya SoundFonts ya MuseScore, ikatokea kwenye miksa kama chombo kingine. Kwa mbali unasikia jogoo kwenye ile ya tatu. Nimemwacha.

mwl_tororo

Ssebo jogoo mwache kabisa, tena hiyo ndio Krismasi yenyewe. Naomba hiyo faili ya engalabi nitakutumia ujumbe. Kipande cha mwisho wanapotoka kanisani nilikuwa nimeweka timpani peke yake na nilikuwa nahisi kuna kitu hakijakaa, miguu ya watu haisogei.

Afande nauliza la mwisho, engalabi ikilia nyuma ya trampeti mbili niandike nguvu gani?

afande_baragumu (Bombo)

Kwa ngoma usiandike kitu. Mwambie mpigaji amwangalie kijana wa trampeti mashavu. Kama ngoma ni ya kompyuta, shusha.

mwl_tororo

Sawa mkuu.

Mrejesho wa leo jioni, umeme ulikatika saa kumi ukarudi saa moja, kwa hiyo nimechelewa kutoa faili za mwisho. Nimekata vipande sita kama alivyosema dada wa Gulu, waya wa kugawa nimeupata dukani kwa jamaa wa simu, kushoto nimebandika plasta nyekundu nisije nikawapa waumini tok tok. SSD itasubiri mwezi wa kwanza.

Trampeti nimempa baa nne za kupumzika kabla ya ule mwisho wa juu na nimeprinti upya Concert Pitch ikiwa imezimwa. Leo amepiga mara ya kwanza bila kugombana na kompyuta. Halafu kaja kulalamika eti hizo baa nne atakuwa amesimama tu mbele ya watu, mikono aiweke wapi.